Wimbo wa Elikana Haujafungwa

Mtu akikuambia mastaa hawaogopi, muulize kama amewahi kumwona mmoja wao chooni dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani. Ritha alikuwa staa wa kweli, si wa kujipachika. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Kito, na harusi iliyokwisha bila wimbo wake watu waliisema wiki nzima. Lakini kabla ya kila shoo alitapika. Mashabiki hawakujua, na hapakuwa na sababu ya kuwajulisha.

Woga wa mwaka huu ulikuwa wa aina nyingine. Ulianzia kwenye harusi moja huko Tabata, ambako Ritha alialikwa kama mgeni tu. Muziki ukapigwa, akainuka akacheza na wenzake, na wimbo ulipofika nusu ndipo alipogundua kwamba ni wake. Hakuwa ameutambua. Biti ilikuwa ile ile ya kila mtu, sauti imepitishwa kwenye kompyuta mpaka imekuwa ya mtu yeyote, na maneno yangeweza kuandikwa na yeyote aliyewahi kuachwa. Alirudi nyumbani kwake, akakaa kitandani bila kuvua gauni lake la harusini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na alijiona amekwisha kufutika.

Hapo ndipo albamu mpya ilipozaliwa, kutokana na hofu, wala tusipambe. Ritha aliapa haitakuwa na ngoma ya kompyuta hata moja. Alitaka mbao za boti zikigongwa na mafundi, wanawake wa Kibirizi, kule kwao Kigoma, wakigeuza dagaa kwenye mchanga, makasia, watu wakihema wanapovuta mtumbwi nchi kavu, na juu yake sauti yake ikiwa tupu, haijapakwa kitu. Meneja wake alisikiliza vipande viwili, akasema hii ni albamu ya matanga, akaomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Aliyebaki ni Nassib, prodyuza wake, mtu wa Tanga mwenye masikio makali na moyo mwema, ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Tanganyika na alidhani ukipanda kilima utaliona lote.

Wakaja Kigoma, wakapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni pale Mwanga, wakatundika magodoro ukutani na kuzuia mlango kwa mablanketi. Ritha alichagua wiki ya mbalamwezi kwa makusudi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo boti hupumzika na wanaume hushinda nchi kavu wakishona nyavu na kubishana. Ukitaka kurekodi watu wa ziwa, ndiyo wiki yake. Nyimbo nane zikakamilika vizuri kupita walivyotarajia. Wa tisa ndio ulikuwa roho ya albamu yote, na huo ulikuwa hauna mwisho.

Inabidi nikueleze wimbo huo, maana bila kuujua utamwona Ritha mjinga, na hakuwa mjinga. Katika ukoo wa baba yake, watu waliovuka kutoka ng'ambo ya Kongo enzi za mababu wakakaa Ujiji, mwanamke ambaye mtu wake amechelewa ziwani huenda kusimama majini na kumwita kwa wimbo. Majirani walijifunza kwao, kila mmoja na ukoo wake, ikawa ni jambo la mtaa mzima. Mwitaji humtaja mtu kwa jina, kisha humhesabia vitu vinavyomngoja nyumbani. Sharti ni moja: usitaje kitu ambacho hakipo. Kama ugali haukufunikwa, usiimbe ugali. Halafu wimbo hukatwa pale pale anapoambiwa aitike, na mwitaji husimama kimya, wala hageuki kuondoka mpaka maji yaliyomzunguka miguu yametulia.

Ubeti wa mwisho upo, lakini hauimbwi ovyo. Unaitwa kuufunga wimbo. Huimbwa na yule tu aliyemwona mtu mwenyewe kwa macho yake. Akimwona akishuka botini mzima, anaufunga huku akicheka na kumpiga makofi ya mgongo. Akimwona ameletwa na maji, anaufunga vilevile, maneno yale yale, wakati wa kumlaza. Wazee wao hawakuona haja ya kuwa na beti mbili, kwani kwao kurudi ni kurudi.

Elikana, baba yake Ritha, aliondoka Kagunga mwezi wa Agosti miaka kumi na moja iliyopita, na boti ya mashine iliyobeba mawese na magunia ya mihogo. Upepo ukawakuta njiani. Wenzake watatu walipatikana na kuzikwa. Yeye hakupatikana, wala kandambili yake. Stephania, mkewe, alisimama majini siku tisa akiita, na Ritha, wakati huo binti wa miaka kumi na minane, alisimama kando yake akiitikia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye maneno yakaanza kuja na wafanyabiashara. Mmoja alisema alimwona Elikana sokoni Kalemie, ng'ambo Kongo. Mwingine alisema yuko Uvira, ameoa, ana watoto wawili. Mwanamke gani humwombea mumewe awe ameoa mke mwingine? Stephania aliomba hivyo, kanisani, hadharani, na wanawake wenzake wakaitikia amina.

Naye hakuacha kuita. Kila Ijumaa jioni alishuka ufukweni akamwita mara moja, akarudi kupika. Na kwa kuwa wimbo wake ulitaja shati, kila Ijumaa asubuhi alilifua shati la Elikana la drafti za bluu na kulianika. Jumamosi ungelikuta kambani, Jumapili ungelikuta kambani. Miaka kumi na moja. Watoto wa mtaa walilitumia kuelekezea wageni: nenda mpaka kwenye shati, kisha kata kushoto.

Sasa albamu ilitaka mwisho. Nassib alisema kwa upole kwamba wimbo wa tisa unamwacha msikilizaji mguu mmoja hewani. Ritha alijua ni kweli. Akaenda kwa Merina, shangazi yake, dada wa Elikana, ambaye alikuwa akiuza samaki waliokaushwa, akamwomba amfundishe ubeti wa kufungia. Alisema anataka kuujua tu, usije ukapotea na wazee. Merina alikubali. Hakuuimba, aliusema kwa maneno, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya dawa, kisha akanawa mdomo. Aliongeza jambo moja, kwamba ubeti huu ukishatoka kinywani haumezwi tena.

Alhamisi mchana Ritha aliingia kwenye chumba cha magodoro, akafumba macho, akaimba. Alijiambia ni wimbo tu. Alijiambia baba amekufa, kila mtu mwenye akili anajua amekufa, na mama yake ni mtu mzima. Alipofika kwenye kufunga, sauti haikutetereka. Ilitoka nzuri kuliko alivyowahi kuimba tangu azaliwe. Nassib alivua visikilizio vya masikioni akafuta macho kwa kiganja. Ritha alikwenda chooni kutapika, na hapakuwa na shoo.

Aliporudi alimwambia Nassib asiutoe wimbo ule kwa mtu yeyote mpaka yeye aseme. Kwa nini, hakusema. Angesema sentensi moja tu, hadithi hii ingekwisha hapa. Lakini aliona aibu kueleza, na pia aliogopa kwamba akieleza, Nassib angeufuta. Akapanga kwenda kwa mama yake Jumamosi amweleze mwenyewe, ana kwa ana. Ijumaa nzima alijifungia, simu ameizima, akijizoeza maneno ambayo kila alipoyatamka yalizidi kuwa mabaya.

Jumamosi saa tatu asubuhi alichukua bodaboda kwenda Ujiji. Walipokaribia mtaani kwao aliona wanawake watatu wakitembea kwa haraka, mikeka kwapani, kanga wamejifunga viunoni. Akajua kuna msiba. Akasikitika kama unavyosikitikia msiba wa wengine. Mbele kidogo akamwona mama mmoja jirani amebeba jogoo, naye anakimbia, uso wake umejaa kicheko na machozi. Ritha akashangaa ni msiba gani wa kupelekewa jogoo. Halafu akaona kwamba wa mikeka na wa jogoo wanakata kona moja, kona ya kwao.

Alimwomba dereva asimame. Akaiwasha simu. Ujumbe wa Nassib ulikuwa wa kwanza, wa jana usiku: hajatoa wimbo, amechukua kipande cha nusu dakika tu akakiweka mtandaoni ili watu waonje, na watu wamepagawa, wamekwisha kukisikiliza mara laki mbili, wanalia, wanasema Kito amezaliwa upya. Alikuwa amechagua pale pazuri kuliko pote. Ritha alibonyeza, akajisikia mwenyewe.

*Maji yamekurudisha, Elikana,*
*vua viatu, umefika,*
*vua viatu, umefika.*

Mtu wa Dar angesikia huzuni tamu. Mtu wa Tanga pia, na hatumlaumu. Kwao ziwa halina masharti hayo. Lakini Ujiji, katika wiki ambayo wanaume wote wako nchi kavu na simu zao, sauti ile ilimaanisha jambo moja tu. Gasper, fundi wa mashine za boti, aliipiga usiku ule ule wa Ijumaa kwenye spika yake kubwa pale ufukweni, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo kwa mbalamwezi waliacha vyombo majini. Binti wa Elikana amefunga wimbo. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akifunga wimbo wa mtu ambaye hajamwona, kama ambavyo hakuna aliyewahi kusikia mtu akizika jeneza tupu. Kwa hiyo Ritha amemwona baba yake. Kilichobaki kujulikana ni hali aliyomwona nayo, na kwa kuwa ubeti hausemi, kila mtu alikuja na alichoona kinafaa.

Ritha alitembea hatua zilizobaki akiwa haihisi ardhi.  Aliwaza kugeuka, apande bodaboda ile ile mpaka uwanja wa ndege, na mawazo hayo yalikuwa matamu kiasi kwamba alisimama. Kisha akatazama juu ya ukuta wa nyumba yao, mahali macho yake yalipozoea kutazama, na kamba ilikuwa tupu. Shati halikuwepo.

Nafikiri hapo ndipo alipoogopa kweli. Mengine yote, kutapika, harusi ya Tabata, meneja, yalikuwa mazoezi tu.

Ua ulijaa. Upande wa jikoni waliketi wa mikeka, wameinamisha vichwa. Upande wa mlangoni walisimama wa furaha, na jogoo watatu wamefungwa miguu chini ya benchi. Walikuwa wamegawanyika bila kugombana, kila upande ukiuheshimu mwingine, kwa sababu upande mmoja lazima ulikuwa umekosea na hakuna aliyejua ni upi. Ritha alipoingia walinyamaza. Hakuna aliyemsalimu wala kumwomba picha. Walimfungulia njia mpaka mlangoni, na alipita akiona nyuso za watu waliomlea zikiusoma uso wake kutafuta jibu.

Merina alimshika mkono mlangoni akamvuta pembeni. Alikuwa ameelewa yote. Mdomo wake ulikuwa mweupe kwa hasira. Hakumkaripia. Alimnong'oneza kwamba maji yakimwagika hayazoleki, basi sasa wayatumie. Elikana alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, naye angetaka mkewe apumzike.

"Mwambie amekufa," alisema Merina. "Mwambie ulionyeshwa mahali, huko ng'ambo. Mpe kaburi, mwanangu. Miaka kumi na moja anafua shati la mtu asiyekuwepo. Uongo mmoja utamponya, na wimbo wako utakuwa halali."

 Ritha aliona jinsi uongo ule ulivyokuwa mzuri. Ulitosha kila upande: mama angelia akapumzika, watu wangekula wakatawanyika, albamu ingebaki na mwisho wake, na yeye asingekuwa mkosaji ila mjumbe. Alipoingia chumbani, ulikuwa umekwisha kumkaa mdomoni tayari.

Stephania alikuwa ameketi kitandani, amevaa kitenge chake cha Pasaka, kilemba kimefungwa vizuri. Pasi ya mkaa ilikuwa bado inatoa joto juu ya kigae. Magotini alikuwa na lile shati, limenyooshwa mpaka kola, mikono imekunjwa nyuma kama shati la dukani. Ritha alipiga magoti akamwamkia shikamoo. Mama yake aliitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. 

"Sikuja kukuuliza jana usiku, nilisema utakuja mwenyewe," alisema. "Sikuulizi uzuri wala ubaya wa safari yako. Nimepiga pasi shati lake. Niambie tu, ni la kuvaa au la kuzikiwa?"

Ritha alifungua mdomo. Alikuwa ameimba mbele ya watu elfu thelathini, na sasa hewa haikumtosha kwa neno moja. Aliogopa presha ya mama yake, aliogopa lile joto la pasi, aliogopa wale watu nje waliokuwa wamenyamaza ili wasikie. Zaidi ya yote aliogopa macho ya Stephania, kwa sababu aliona ndani yake kwamba mama yule alikuwa tayari kwa lolote kati ya mawili. Alikuwa amejiandaa kwa mume mzima na alikuwa amejiandaa kwa maiti. Kitu ambacho hakujiandaa nacho ni mtoto wake.

Akasema amekufa? Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Angelisema, mama angeuliza umemwona wapi, naye angetaja mahali, na mama angeuliza alikuwa amevaa nini, maana wanawake wa ziwa huuliza hivyo, na yeye angemvika baba yake nguo kwa mdomo. Kisha kila Agosti angeulizwa tena. Ubeti ule ulikuwa umetungwa kwa ajili ya waliomwona mtu. Alikwisha kuuimba mara moja kwa uongo, na angalia ua ulivyojaa.

"Sikumwona, mama," alisema. "Si mzima wala mfu. Nilitaka wimbo uwe na mwisho."

 Nje jogoo mmoja alipiga mbawa, akatulia. Stephania hakulia wala hakuanguka. Alilitazama shati, akalilainisha kola kwa kidole gumba, polepole, kama lina mkunjo alioukosa.

"Tangu jana usiku nimekuwa na mume," alisema hatimaye. "Nimekaa naye hapa mpaka asubuhi. Wewe umemwua saa hizi, Ritha, si Agosti ile."

Hilo lilikuwa karipio lake lote, na Ritha angependa apigwe kwa mwiko wa ugali mpaka jioni kuliko kulisikia. Alilala kifudifudi sakafuni akalia kwa sauti, kilio kibaya cha puani, hata wa mikeka nje wakadhani ni msiba na wawili wakaanza kuitikia. Mchuma janga hula na wa kwao.

Stephania aliinuka, akamruka, akatoka uani na shati mkononi. Watu walisimama. Alichukua beseni, akalijaza maji, akalizamisha shati lile lililonyooshwa kwa pasi mpaka likazama lote. Akalifikicha, akalikamua, akalikung'uta mara moja, akalianika kambani pale pale pake. Mikeka ilianza kukunjwa bila mtu kuamrisha. Aliyeleta jogoo wa kwanza alimfungua miguu, akamkumbatia kifuani, asijue ampeleke wapi. Merina aliketi kwenye benchi akafunika uso.

Ndipo Nassib alipofika, jasho linamtiririka, ametafuta nyumba kwa kuulizia shati. Mtu wa mlangoni alikuwa amemweleza yote kwa maneno manne. Alisimama na begi lake la vyombo begani akiomba radhi kwa kila aliyemtazama, hata kwa watoto. Alisema kipande ameshakifuta, japo wote walijua kiko kwenye simu za nchi nzima na hakitafutika tena.

Stephania alimwitikia salamu, akamwita Ritha atoke. Akamwambia mbele ya wote kwamba hajawahi kusikia wimbo uliofungwa hivi, na wazee hawakuacha maelekezo, maana hawakudhani atazaliwa mtu wa kufanya jambo hilo. Kwa hiyo ataamua yeye, mke wa Elikana.

"Uliyeufunga, ukaufungue," alisema. "Kule kule majini. Mwanzo mpaka pale."

Wakashuka wote, na mikeka yao, na jogoo zao. Ufukwe wa Ujiji mchana ule ulikuwa na boti zilizopumzika na nyavu zilizoanikwa, na Gasper alizima spika yake alipowaona wanakuja. Ritha alivua viatu vyake vya bei ghali akaingia majini mpaka magotini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini. Mbele yake hapakuwa na kitu mpaka milima ya Kongo, ambayo siku hiyo ilionekana na kutoonekana. Nyuma yake palikuwa na watu wapatao mia, na tangu aanze kuimba hakuwahi kuogopa watu mia kiasi kile, kwa sababu hawa hawakuja kumsikiliza yeye.

Akaanza. Sauti ilikatika neno la kwanza. Akaanza tena.

*Elikana ee, shati lako liko kambani,*
*limelowa bado, linakungoja likauke.*
*Mlango tumeurudishia, hatukuufunga.*
*Elikana ee, ziwa si kwenu.*

Ilikuwa sauti mbaya, sema ukweli. Ilitetemeka, ilipanda pasipopandwa, ilijaa kamasi. Haikuwa ile ya chumba cha magodoro iliyomliza Nassib. Ilikuwa ya binti wa miaka kumi na minane, na Ritha aliitambua papo hapo, neno kwa neno. Ilikuwa yake, na hakuna harusi duniani ambapo angeisikia asijue ni nani. Wanawake nyuma yake wakaitikia. Stephania aliingia majini na kitenge chake cha Pasaka, akasimama kando yake bila kumgusa, wakaenda pamoja mpaka mstari ule.

*Elikana ee, itika nikusikie.*

Akanyamaza. Ubeti wa mwisho ulikuja wenyewe mpaka kooni, mzuri, uko tayari, akaumeza. Huko nyuma alidhani kimya hiki ni pengo la kuzibwa. Sasa alisimama ndani yake na miguu ikimtetemeka, akisikiliza maji kwa nguvu zake zote, akiogopa kwamba ataitikiwa na akiogopa kwamba hataitikiwa, na hakuweza kusema ni hofu ipi kubwa. Mama yake alikuwa amesimama hapa kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja, peke yake, kisha akarudi kupika. Ritha hakujua aliwezaje.

Ukingoni Nassib alikuwa amekaa juu ya begi, maiki imeelekezwa majini; hakuna aliyemruhusu, wala aliyemkataza. Alisubiri, akasubiri tena. Mtu wa biti ana mahesabu yake ya kimya, na hiki kilikwisha kuvuka yote. Hatimaye, maji ya miguuni pake yalipotulia, Stephania aligeuka kutoka majini, akakamua ncha ya kitenge, na Nassib akamwuliza kwa adabu kama wimbo ndio umeishia hapo, au kuna mwisho wake.

"Upo, baba," alisema Stephania. "Elikana akija utausikia."

Akaenda zake kupandisha njia, kwenda kutazama kama shati limeanza kukauka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ritha alibaki palepale, ameyaangalia maji yaliyoizunguka miguu yake, kwa sababu mwitaji hageuki mpaka yatulie, na yake yalikuwa bado yanatikisika.